Barakoa na magonjwa ya mlipuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ugonjwa wa njia ya hewa unapolipuka, swali la barakoa hurudi, na mara nyingi hujibiwa kwa ubishi kuliko kwa ushahidi. Huyu anaapa kuwa barakoa ndiyo iliyomwokoa, yule anaapa kuwa ni kipande cha kitambaa tu. Majibu yaliyo hapa yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujua lini avae, avae ipi na aivae vipi. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi, mengine yanatosha kwa sentensi mbili tatu.

Barakoa inakinga au haikingi?

Inakinga, ila kwa kiasi. Kiasi hicho hutegemea imetengenezwa kwa nini, imekaa vipi usoni, nani ameivaa, na amekuwa nayo muda gani. Barakoa nzuri iliyoshika uso vizuri, ikivaliwa muda wote mtu anapokuwa kwenye chumba kilichojaa watu, hupunguza sana vimelea vinavyoingia puani. Barakoa hiyohiyo ikiwa chini ya pua haikingi karibu chochote, maana pua ndiyo njia kuu ya hewa.

Wengi hukwama kwenye wazo kwamba kinga lazima iwe kamili, la sivyo si kinga. Kuambukizwa hutegemea umevuta vimelea vingapi na kwa muda gani. Ukipunguza idadi hiyo kwa nusu, umejipunguzia hatari, ingawa hujaiondoa. Mtu akiambukizwa huku amevaa barakoa, hilo halithibitishi kuwa barakoa ni bure, kama vile mtu aliyesalimika bila kuvaa asivyothibitisha kuwa haina kazi. Kisa cha mtu mmoja hakiwezi kuamua jambo hili. Huamuliwa kwa kulinganisha watu wengi.

Inamkinga aliyevaa au walio karibu naye?

Wote wawili, lakini kwa barakoa za kawaida faida kubwa huwa kwa walio karibu na mgonjwa. Sababu ni ya kimaumbile. Tone linapotoka mdomoni huwa kubwa na bichi, na limebeba maji mengi, kwa hiyo kulizuia hapo linapotoka ni rahisi. Likishatoka, sehemu kubwa ya maji yake hukauka kwa muda mfupi na linalobaki ni chembe ndogo inayoelea. Kuikamata chembe hiyo ukiwa upande wa pili wa chumba kunahitaji chujio bora zaidi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2012. Hewa kutoka wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu ilipelekwa kwenye vyumba viwili vya wanyama wadogo wa maabara. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za kawaida za hospitali na hewa ikaenda chumba cha kwanza, siku iliyofuata hawakuvaa na hewa ikaenda chumba cha pili, na ikaendelea hivyo kwa zamu. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 56 kwa wanyama waliovuta hewa ya siku za barakoa. Wanyama hawakuvaa chochote. Kinga yote ilitokana na wagonjwa kufunikwa pua na mdomo.

Kwa hiyo mtu anayekohoa akikubali kuvaa barakoa, anawafanyia wenzake jambo kubwa. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi mambo huenda kinyume: mzima anavaa, na mgonjwa anaiteremsha kidevuni ili akohoe kwa raha.

Kama ninajisikia mzima, kwa nini nivae?

Kwa sababu baadhi ya magonjwa huambukiza kabla mtu hajajua kuwa anaumwa. Korona (UVIKO-19) inaweza kutoka kwa mtu siku mbili kabla ya dalili, na wengine huiambukiza bila kupata dalili kabisa. Mwenye surua huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea. Tukisubiri kikohozi ndipo tuvae, tutakuwa tumechelewa.

Hata hivyo hii si hoja ya kuvaa kila mahali kila siku. Ni hoja ya kuvaa wakati ugonjwa unasambaa mahali ulipo.

Kirusi ni kidogo kuliko tundu la barakoa. Kitazuiwaje?

Swali hili ni zuri, na linastahili jibu kamili badala ya kubezwa. Ni kweli kuwa kirusi cha korona kina upana wa takriban maikromita 0.1, na milimita moja ina maikromita 1,000. Ni kweli pia kuwa nafasi kati ya nyuzi za barakoa ni kubwa kuliko hapo. Kosa lipo katika mambo mawili.

Kwanza, kirusi hakisafiri kikiwa peke yake. Husafiri ndani ya tone la mate au makamasi, au kwenye mabaki yake yaliyokauka, na vitu hivyo ni vikubwa kuliko kirusi chenyewe.

Pili, barakoa haifanyi kazi kama chekeche, ambapo kila kilicho kidogo kuliko tundu hupita. Ndani yake kuna nyuzi nyingi sana zilizolala ovyo, tabaka juu ya tabaka, na hewa inalazimika kujipinda mara nyingi ili ipite. Chembe kubwa hushindwa kukata kona na hugonga nyuzi. Chembe ndogo kabisa husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, zinatangatanga, na katika kutangatanga huko zinagusa uzi na kunata. Zinazosumbua zaidi ni za katikati, za maikromita 0.3 hivi: si nzito za kutosha kushindwa kona, wala si nyepesi za kutosha kutangatanga sana. Ndiyo maana barakoa bora hupimwa kwa ukubwa huo. Ikifaulu hapo, kwa chembe ndogo zaidi na kubwa zaidi hufanya vizuri zaidi.

Barakoa za N95, zile za kuchuja sana zinazoshika uso pande zote, zina jambo la ziada. Nyuzi zake za plastiki ya polipropilini zimetiwa chaji ya umeme tuli, na chaji hiyo huvuta chembe kuelekea kwenye uzi. Hilo ndilo linalowezesha barakoa kuchuja sana bila kuwa nene kiasi cha kumkaba mvaaji. Ukielewa hapa, utaelewa kwa nini huruhusiwi kuifua N95 wala kuipulizia spiriti: unaua chaji, na inayobaki kwa macho ni barakoa ileile, lakini nguvu yake imeondoka.

Kuna tofauti gani kati ya kitambaa, ya hospitali na N95?

Kubwa, na nadhani kuziita zote “barakoa” bila kubagua kumeleta nusu ya ubishi uliopo.

N95 ni kiwango cha Marekani: lazima izuie angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio za maikromita 0.3. FFP2 ya Ulaya huzuia angalau asilimia 94, FFP3 asilimia 99, na KN95 ya China asilimia 95. Hizi zimetengenezwa kumkinga aliyevaa, na zimekusudiwa kushika uso pande zote.

Barakoa ya hospitali, ile nyepesi ya tabaka tatu yenye waya puani, ilianza kama kinga ya mgonjwa aliyeko kwenye upasuaji, ili mate ya daktari yasiangukie kidonda. Kitambaa chake huchuja vizuri. Udhaifu wake uko pembeni: mashavuni huacha mianya, na hewa hufuata njia rahisi.

Barakoa ya kitambaa hutofautiana sana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza tabaka tatu: ya ndani inayonyonya unyevu kama pamba, ya kati ya polipropilini isiyofumwa, na ya nje isiyopenyeza maji kirahisi. Iliyoshonwa hivyo husaidia, hasa kuzuia matone ya aliyeivaa. Skafu nyepesi ya tabaka moja ni afadhali kuliko kukohoa ovyo, lakini isikupe ujasiri wa kuingia chumba cha mgonjwa.

Ukiniuliza nini cha kuchagua: N95 au inayolingana nayo ukiwa karibu na mgonjwa, ukiwa hospitalini, au ukiwa mzee au mwenye maradhi yanayodhoofisha mwili, ya hospitali kwa safari na shughuli za kawaida wakati wa mlipuko, ya kitambaa pale ambapo hizo mbili hazipatikani.

Nitajuaje imekaa sawasawa?

Bana waya wa puani kwa vidole viwili hadi ufuate umbo la pua. Weka viganja juu ya barakoa na utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, inavuja. Kwa N95, vuta pumzi pia: inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni. Miwani ikifunga ukungu, hewa inatokea juu ya pua.

Ndevu huharibu kila kitu kwa N95, kwa sababu ukingo haushiki ngozi. Hospitali nyingi huwataka watumishi wanaozivaa wanyoe, na si kwa ajili ya unadhifu.

Barakoa ya hospitali inaweza kuboreshwa kwa njia mbili. Funga fundo kwenye kamba karibu na ukingo wake kisha ukunje kitambaa kinachobaki ndani, au vaa ya kitambaa inayobana juu yake ili ikandamize kingo. Kuvaa mbili za hospitali pamoja hakusaidii, kwa sababu ukingo unabaki wazi vilevile.

Mbona tafiti zinapingana?

Zinapingana kidogo kuliko zinavyosimuliwa. Ukizisoma kwa kuuliza kila moja ilipima nini hasa, nyingi hukaa mahali pake.

Utafiti wa Denmark wa mwaka 2020 hutajwa sana. Watu wapatao 6,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilishauriwa kuvaa barakoa za hospitali likitoka nje ya nyumba, jingine halikushauriwa. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 1.8 ya kundi la barakoa walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 2.1 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba ingeweza kuja kwa bahati tu. Lakini angalia kilichopimwa: kinga kwa aliyevaa peke yake, katika jamii ambayo karibu watu wote wengine hawakuvaa, na huku chini ya nusu ya walioshauriwa kuvaa wakisema walifuata maagizo kikamilifu. Faida ya mgonjwa kuwakinga wengine haikupimwa kabisa.

Bangladesh walipima jamii nzima. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021, vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000 vilihusishwa. Katika vijiji vilivyogawiwa barakoa na kuhamasishwa, uvaaji sahihi ulipanda kutoka takriban asilimia 13 hadi 42. Watu wenye dalili waliothibitishwa kwa damu kuwa na korona walipungua kwa asilimia 9 hivi. Palipogawiwa barakoa za hospitali upungufu ulikuwa asilimia 11, na kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi ulifika asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa wazi.

Asilimia 11 inaonekana ndogo, na wanaopinga barakoa huikamata hiyo. Mimi naisoma hivi: hata katika vijiji hivyo zaidi ya nusu ya watu hawakuvaa. Kilichopimwa ni matokeo ya kuongeza wavaaji wachache kati ya kila kumi, kwa barakoa zenye mianya. Kupata upungufu unaoonekana katika hali hiyo ni jambo la kuzingatia.

Halafu kuna mapitio ya Januari 2023 ya Cochrane, taasisi ya kimataifa inayokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 78 kuhusu njia za kuzuia magonjwa ya njia ya hewa. Vichwa vya habari vilisema yamethibitisha kuwa barakoa hazifanyi kazi. Machi 2023 mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, alitoa taarifa kuwa tafsiri hiyo si sahihi: mapitio yaliangalia kama kampeni za kuhimiza uvaaji hupunguza ugonjwa, na majibu yalikuwa hayatoshi kuamua upande wowote. Kumshauri mtu avae ni jambo moja, na yeye kuvaa ni jingine. Dawa ambayo wagonjwa hawaimezi nayo itaonekana haitibu.

Upande wa pili, maabara huonyesha uchujaji mkubwa, na hapo nako kuna mtego. Kichwa cha sanamu kinachovalishwa barakoa kwenye majaribio hakiiondoi ili kinywe maji, wala hakiivuti chini ili kizungumze na simu. Maisha halisi hukaa kati ya maabara na kampeni: karibu na maabara kwa mtu anayevaa kwa makini, karibu na kampeni kwa asiyejali.

Mbona mwanzoni mwa korona wataalamu walisema wenye afya hawahitaji barakoa?

Walisema hivyo, na baadaye wakabadilika. Aprili 3, 2020 mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilianza kupendekeza barakoa za kitambaa kwa umma. WHO ilifuata Juni 5, 2020, kwa maeneo yenye maambukizi ndani ya jamii ambako watu hawawezi kuachiana nafasi.

Palikuwa na sababu tatu. Barakoa za hospitali zilikuwa adimu, na ilihofiwa zingeisha kabla ya kuwafikia wauguzi. Uambukizaji kabla ya dalili ulikuwa haujaeleweka vizuri. Na wataalamu wengi waliamini kuwa ugonjwa huenezwa zaidi na matone makubwa yanayoanguka karibu, kuliko chembe zinazoelea. Julai 2020 wanasayansi 239 walisaini barua ya wazi wakitaka maambukizi ya hewani yatambuliwe, na Aprili 2024 WHO ilitoa istilahi mpya zinazokubali kuwa chembe za ukubwa wowote zinaweza kusafiri hewani.

Naona kubadilika kwenyewe kulikuwa sahihi, kwa sababu ushahidi ulibadilika. Lililoharibu imani ya watu ni kuchanganya hoja ya uhaba na hoja ya ufanisi. Kumwambia mtu “haitakusaidia, na tena muuguzi anaihitaji” kunajipinga. Ingekuwa bora kusema waziwazi: inasaidia, lakini ni chache, tuwape kwanza wanaohudumia wagonjwa. Watu wazima wangeelewa.

Wazo la kuvaa barakoa wakati wa mlipuko lilianzia wapi?

Madaktari wa upasuaji walianza kufunika midomo Ulaya mwaka 1897. Kwa mlipuko, kisa kinachotajwa zaidi ni tauni ya mapafu ya Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, ya 1910 hadi 1911. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alipelekwa Harbin Desemba 1910. Alihitimisha kuwa tauni ile haikuletwa na viroboto wa panya, ilikuwa ikipita kwa pumzi kutoka mtu hadi mtu, na akawataka wahudumu na wananchi wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari Mfaransa, Gérald Mesny, alilikataa wazo hilo na kuwahudumia wagonjwa bila barakoa. Alifariki kwa tauni baada ya siku chache. Watu takriban 60,000 walikufa kabla ya mlipuko kuzimwa, na ulizimwa kwa karantini, kuzuia safari na kuchoma maiti pamoja na barakoa.

Mafua makali ya 1918 yalitoa fundisho tofauti. San Francisco ililazimisha watu kuvaa barakoa za shashi, na mapema 1919 kikaundwa chama cha kuzipinga. Mwaka 1920 W. H. Kellogg, daktari wa afya ya umma wa California, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa shashi ikiwa nyepesi haichuji, na ikiongezwa tabaka hadi ichuje, kupumua kunakuwa kugumu na hewa inapita pembeni. Tatizo alilolieleza ndilo ambalo nyuzi zenye chaji zilikuja kulitatua miongo mingi baadaye.

Barakoa inasaidia kwa magonjwa gani?

Yale yanayopita kwa pumzi, kikohozi, chafya na mazungumzo: korona, mafua makali, kifua kikuu, tauni ya mapafu, kifaduro, dondakoo. Kwa surua inasaidia kidogo tu. Kirusi chake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Hapo tegemeo ni chanjo, ambayo dozi mbili zake hukinga kwa takriban asilimia 97.

Kwa kipindupindu barakoa haina kazi. Maji safi, choo na mikono safi ndiyo kinga. Ebola na Marburg hupita kwa kugusa damu na majimaji ya mwili, hivyo barakoa ni sehemu moja tu ya vazi zima la mhudumu, na peke yake haitoshi. Malaria na dengi huletwa na mbu.

Je, nitavuta hewa chafu yangu mwenyewe na kukosa oksijeni?

Hapana. Molekuli za oksijeni na kabonidayoksaidi ni ndogo mara nyingi sana kuliko kirusi, na hupita bila shida. Joto na karaha ni za kweli, hasa kwa N95 iliyovaliwa saa nyingi, na mtu mwenye ugonjwa mkali wa mapafu azungumze na daktari wake. Mtu aliyezimia, au asiyeweza kuivua mwenyewe, asivalishwe.

Ngao ya plastiki ya uso inatosha?

Haitoshi. Inakinga macho dhidi ya mate yanayoruka, lakini hewa huingia kwa chini na pembeni bila kuchujwa. Ivaliwe pamoja na barakoa.

Na barakoa yenye vali?

Vali hufunguka unapotoa pumzi, kwa hiyo inakukinga wewe huku ikiachia pumzi yako nyingi bila kuchujwa. Ni nzuri kwa vumbi la kazini. Kama wewe ndiye mgonjwa, tafuta isiyo na vali.

Nivae hata nje, penye upepo?

Mara nyingi si lazima. Nje, chembe hutawanyika upesi, isipokuwa mmesongamana uso kwa uso kwa muda mrefu. Hatari iko ndani ya vyumba, hasa watu wanapoongea kwa sauti au kuimba. Machi 10, 2020 wanakwaya 61 katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi ndani kwa saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili za mafua. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 53, waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wawili walifariki.

Ningependa nguvu tunayotumia kuwakemea watu wanaotembea peke yao barabarani bila barakoa tuihamishie kwenye mabasi, madarasa na kumbi zilizofungwa madirisha.

Watoto je?

Walio chini ya miaka miwili wasivalishwe kabisa, kwa usalama wa upumuaji wao. WHO na UNICEF, katika mwongozo wa Agosti 2020, walisema wenye miaka mitano na chini wasilazimishwe; wa miaka 6 hadi 11 wavae kulingana na hali ya maambukizi na uwezo wao wa kuivaa vizuri chini ya uangalizi; wa miaka 12 na zaidi wafuate masharti ya watu wazima. Mtoto kiziwi, au mwenye ulemavu unaomfanya ateseke nayo, asilazimishwe. Na mwalimu wa mtoto anayesoma midomo atumie barakoa yenye kidirisha angavu, au azungumze kwa umbali mahali penye hewa.

Barakoa moja itumike muda gani?

Ya hospitali: ibadilishe ikilowa, ikichafuka au ikichanika, na uitupe baada ya siku ya matumizi. Ya kitambaa: ifue kila siku kwa sabuni, ianike hadi ikauke kabisa. Barakoa yenye unyevu huchuja vibaya na kupumulia kwake ni taabu.

N95 hutengenezwa kwa matumizi machache, lakini pale zinapokuwa adimu unaweza kuirudia mara chache ikiwa ni kavu, safi na kamba zake bado zinabana. Ihifadhi kwenye mfuko wa karatasi ili ipumue, ukiwa nazo kadhaa za kuzungusha kwa siku. Kamba zikilegea, mwisho wake umefika, hata kama inaonekana mpya.

Shika kamba unapovaa na kuvua, usishike mbele, kisha nawa mikono.

Nimechanjwa. Bado nivae?

Chanjo hukinga zaidi dhidi ya ugonjwa mkali na kifo, na kwa baadhi ya magonjwa haizuii kabisa kuambukiza wengine. Wakati wimbi limepanda, au ukimtembelea mzee au mtu anayepata matibabu ya saratani, vaa. Wimbi likishuka, pumzika. Kuvua kwa wakati wake ni sehemu ya busara hii, kwa sababu watu waliochoshwa bila sababu hugoma siku wanayohitajika.

Wengine hawavai. Yangu peke yake ina maana?

Ndiyo, kama ni nzuri. Hapa ndipo N95 au FFP2 inapojitofautisha, kwa sababu haitegemei hiari ya jirani. Kwa ya hospitali kinga inabaki, ila imepungua. Fungua dirisha, fupisha muda wa kukaa humo, na usiogope kuhama kiti.

Tuna mgonjwa nyumbani. Tufanyeje?

Mpe chumba chake ikiwezekana, au angalau kona yenye dirisha. Yeye avae barakoa ya hospitali kila mtu anapoingia, ikiwa anaweza kupumua nayo bila shida. Asivalishwe akiwa amelala. Anayemhudumia awe mmoja, si mjamzito, si mzee, si mwenye kisukari au maradhi ya moyo, na avae N95 kama ipo kabla ya kuingia na aivue akishatoka na kufunga mlango. Dirisha likae wazi muda mwingi kadiri hali ya hewa inavyoruhusu. Kama kuna feni, ielekezwe itoe hewa nje. Mhudumu anaweza kuambukizwa wakati wa kula pamoja na mgonjwa, kwa sababu hapo wote wamevua. Chakula chake kipelekwe chumbani.

Kama ni kifua kikuu, kinachokata maambukizi ni dawa kumezwa kila siku bila kuruka, na barakoa huwasaidia wanafamilia katika majuma ya mwanzo kabla dawa hazijashika. Kama mnashuku Ebola au Marburg, msijaribu kumhudumia kwa barakoa ya kawaida: msimguse, na wapigieni wahudumu wa afya waje kumchukua.

Mgonjwa akipumua kwa shida, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa au akishindwa kuamka, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, naye akiwa amevaa barakoa kama pumzi yake inaruhusu, madirisha ya gari yakiwa wazi, na mwambieni mpokezi mlangoni kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza kabla hajaketi na wengine.